Mwaka Tuliojifunza Kujisifu

Tulipomzika mume wangu Justini, kwenye kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, upande wa Kyerwa, watu walibaki nasi siku kadhaa kama ilivyo desturi. Mimi nilikaa chumba cha ndani, juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, na wanawake walionizunguka walizungumza kwa sauti ya chini juu ya mambo yasiyonihusu: maharage yaliyogoma kuiva, binti wa fulani aliyeolewa Misenyi, mvua za vuli zilizoanza kisha zikaghairi. Niliwashukuru moyoni kwa mazungumzo hayo, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kusikia jambo lolote la maana. Siku ya kuanua matanga, mpwa wa Justini, binti anayesoma chuo, alinisogelea akaniuliza kwa adabu mimi na mjomba wake tulikutana wapi. Nikamwambia, kazini. Akaitikia, akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Jibu lile halikuwa uongo, ila lilikuwa fupi mno, na tangu siku ile nimekuwa nikilirefusha kichwani kila asubuhi ninapopalia. Ukweli ni kwamba tulikutana ndani ya pendekezo la kitabu, tukiwa vijana, mwaka ambao sikujua kama ningebaki Karagwe au ningeondoka. Habari za ukoo wangu nitaziruka, maana hazina tofauti na za koo nyingine za huku, Walutheri wenye kahawa, migomba na ubishi. Nitaanza na chumba, kwa sababu ndicho ninachokiona kwanza nikifumba macho.

Chumba kilikuwa Ihanda, nyumbani kwa Ma Leokadia. Ma ndivyo tunavyowaita wanawake wa heshima, naye heshima yake aliidai mwenyewe, mjane aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi lakini hakustaafu kuamrisha watu. Dirisha lilikuwa karibu sana na migomba, hata majani yaliingia ndani ukivuma upepo, na mwanga wote uliofika kitandani kwangu ulikuwa wa kijani. Mpaka leo nikiukumbuka mwaka ule nauona wote una rangi hiyo, hata yale yaliyotokea barabarani juani. Asubuhi ukungu ulilala bondeni hadi jua lipande, na kabla hujamwona mtu ulisikia kengele za baiskeli za wanaopeleka mikungu sokoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya pili ambayo nyumbani hakuna aliyejua ni ya nini, na nilikuwa nafundisha vipindi vichache vya historia katika sekondari ya kata kwa kujitolea. Kaka yangu Deusi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, akataka nikalisimamie. Tukakubaliana anipe mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo nikipata mchapishaji wa kitabu changu, ataniacha na mambo yangu ya kusoma. Nisipompata, nitapanda basi nikauze misumari na mabati bila kununa. Kaka aliona makubaliano hayo ni ya haki, nami pia niliyaona hivyo, na ndiyo maana niliogopa.

Kitabu kilihusu miche ya migomba na jinsi inavyohama. Kwetu mche huombwa. Bibi harusi huondoka kwao na mche, aliyepona ugonjwa mrefu huletewa mche, na watu waliokuja zamani kutoka Burundi na Rwanda walipewa na majirani miche yao ya kwanza, wakaipanda pembeni mwa ile michache waliyokuja nayo. Ukiuliza mgomba huu umetoka wapi, utasimuliwa nani alimwoa nani, nani aligombana na nduguye akahamia Kiruruma, nani alirudi na kwa nini. Nilikuwa nimegundua kwamba ukiufuata mgomba mmoja kwa kurudi nyuma, nyumba kwa nyumba, unaweza kuandika historia ya kata nzima bila kumtaja mtawala hata mmoja. Tena ilibidi iandikwe upesi, kwa kuwa miaka ile ugonjwa wa mnyauko ulikuwa unavimaliza vibanja vyetu. Mgomba ulioanza kunyauka uling'olewa na kuzikwa, na masimulizi yake yalibaki kwa bibi mmoja tu, naye bibi hakuwa kijana.

Justini nilimkuta Kiruruma, kwenye kibanja cha mzee mmoja niliyekwenda kumhoji. Alikuwa afisa kilimo mwenye ofisi Rubwera, ambako wilaya ya Kyerwa ilikuwa bado mpya na majengo yake yananuka rangi, na siku hiyo alikuwa amekuja kutafuta miche safi ya kuwapelekea wakulima wake. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa akikata machipukizi, na kila alipotoka kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine alikipitisha kisu motoni, akingoja kipoe, bila haraka yoyote, huku mzee akimwambia aache hayo mambo ya kitabibu. Wazazi wake walikuwa wametoka Burundi kabla hajazaliwa, na alizungumza Kirundi, Kinyambo na Kiswahili kwa upole uleule. Tulibishana kuhusu asili ya mgomba mmoja wenye shina jeusi. Yeye alisema ulitoka Kyerwa, mimi nikasema ulikwenda Kyerwa. Kufika mchana tulikuwa tumegundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya masimulizi, na kwamba kitabu ni cha watu wawili. Aliniita Mwalimu, nikamwita Bwana Shamba, tukaendelea hivyo mwaka mzima.

Jumamosi alikuja Ihanda kwa pikipiki, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Ma Leokadia alimpa maji ya kunawa, kisha kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, na hakuruhusiwa kusema neno la kazi kabla hajatafuna. Halafu tulikula. Ninakumbuka chungu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke ukitoka majani yakifunuliwa, ndizi na maharage na nyanya chungu, na mikono yetu mitatu kwenye sinia moja. Baada ya chakula tulitandaza karatasi zetu mezani, na Ma Leokadia alihamia jikoni kuzungumza peke yake kwa Kinyambo, kwa sauti iliyopimwa itufikie. Alisema kijana anakula vizuri. Alisema pikipiki imeziba mlango wa kuku. Alisema siku hizi watu wanaandika vitabu kuhusu migomba badala ya kuipalia. Justini aliyasikia yote, akatabasamu bila kuinua uso, na baadaye kidogo alitoka kwenda kuisogeza pikipiki.

Kulikuwa na matbaa ya chuo kikuu kimoja, mbali na kwetu, iliyotangaza kwamba inapokea mapendekezo ya vitabu vya taaluma. Walitaka muhtasari, sura mbili za mfano, maelezo ya vitabu vinavyokaribiana na hicho, wasomaji watakaokihitaji, umuhimu wake, na sababu za kuwafanya waandishi hao wawe ndio wanaofaa kukiandika. Sura zilikuwa tayari, nasi tuliziamini. Maelezo mengine tuliyaandika alasiri moja ya mvua, mezani kwa Ma Leokadia, tukichekacheka, tukidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Hapa inanibidi nieleze adabu ya kwetu, la sivyo kilichofuata kitaonekana upumbavu mtupu. Mtu akikuletea mkungu, hata uwe mkubwa wa kumpinda shingo, akifika mlangoni husema amekuletea majani tu. Wewe mwenyeji ndiye unayetakiwa kuupokea, kuupima mikononi na kumkatalia: majani gani haya, waitu, ndugu yetu, umetuletea chakula cha wiki nzima. Naye atakana, nawe utakazia, na hapo ndipo mkungu unapopata sifa yake, kwa kinywa cha aliyeupokea. Anayeusifu mkungu wake mwenyewe humfanya mwenyeji aanze kuutafuta ubovu. Basi sisi hatukuketi tukaamua kuandika vile. Tuliandika tu kama watu waliolelewa. Kwenye umuhimu wa kitabu tulisema ni kazi ndogo yenye kasoro nyingi. Kwenye vitabu vinavyokaribiana tulivisifu vya wenzetu mpaka vikang'aa, tukaongeza kwamba chetu hakifai kuwekwa navyo rafu moja. Kwenye kufaa kwetu, Justini alipendekeza tuseme kwamba wapo wengi wanaoijua migomba kuliko sisi, ila hawakupata nafasi, na nikamwambia hilo limekaa vizuri sana. Tuliyasoma yote kwa sauti. Ma Leokadia, aliyewasahihishia watoto insha maisha yake yote, alisema tumeandika kama watu wenye adabu zao.

Tulikwenda kuyachapa mjini Kayanga, kwenye duka la stesheneri lenye kompyuta za kukodi, tukayatuma kwa barua pepe. Tulirudi tumejaa furaha. Nilikuwa nimeshamwona mhariri akifungua pendekezo letu, akisoma sura zile, akitikisa kichwa na kusema, majani gani haya. Wiki nyingi nililala na picha hiyo. Nikifundisha vita na mikataba kwa kidato cha tatu, nusu ya akili yangu ilikuwa mezani kwa yule mhariri, ninamwona amevaa miwani, ana kikombe cha chai, anawaita wenzake waje waone.

Jibu lilikuja wakati kahawa imeanikwa kila ua, na Kayanga nzima inanuka maganda yake. Mhariri alitushukuru kwa upole. Kisha akaandika hivi: "Kwa kuwa waandishi wenyewe wanaona kwamba kazi ina kasoro nyingi, na kwamba wapo wengine wanaofaa zaidi kuiandika, tunawashauri wairejee watakapokuwa tayari." Chini kabisa aliongeza kwamba wakitaka kuwasilisha upya, bodi ya matbaa itakaa tena mwishoni mwa mwaka. Justini alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu. Alisoma mara mbili, kisha akasema polepole, "Wametuamini." Mimi nililia pale pale dukani, mbele ya mtu aliyekuwa akitoa kopi ya cheti cha ubatizo, na sikuona haya.

Siku hizi ninapowafundisha wanafunzi wangu kuandika mapendekezo, huwasimulia kisa hiki, nao hucheka, nami hucheka nao. Wakati ule hapakuwa na cha kuchekesha. Deusi alipiga simu kuniuliza hali, nikamwambia, naye hakunisimanga hata kidogo. Aliniambia chumba changu Mwanza kimeshapakwa rangi, na kwamba dirisha linatazama ziwa. Upole wake uliniumiza kuliko angenicheka. Nilijaribu kuandika upya. Niliandika kwamba mimi ni mtafiti mahiri, nikayatazama maneno hayo, nikajisikia kama nimetoka nje bila kitenge, nikayafuta. Justini naye aliandika kwamba kitabu hiki ni kizuri, akakaa, akaongeza "kiasi." Jumamosi ziliendelea kuja na kupita, tukila, tukiandika mstari, tukiukata. Ma Leokadia, ambaye hakukubali kamwe kwamba pendekezo la kwanza lilikuwa na kosa, alisema watu wa matbaa hawakufundwa, na kwamba tungewapelekea senene wangeuliza ni wadudu gani.

Kisha wakaja washenga. Mjukuu wa Ma Leokadia, binti aliyekuwa amekuja kukaa nasi, alikuwa ameposwa, na wazee wa upande wa kijana walifika siku ya Alhamisi, wamevaa makoti ya ibada, wakaingizwa sebuleni kwenye nyasi mbichi. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, na ukuta uliotutenganisha haukufika darini, kwa hiyo kila neno liliruka upande wangu. Msemaji wao alikuwa na sauti nzito ya kwaya. Alisema kijana wao huamka kabla ya kuku. Alisema hajawahi kuonekana kilabuni, kwamba kahawa yake hukauka sawasawa kuliko ya mtu yeyote kijijini, kwamba mama yake akiumwa yeye ndiye anayempikia uji. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, bila aibu hata chembe. Wazee wa upande wetu waliguna kwa kuridhika, kisha wakaanza kumsema binti yao, naye kwa maneno yao akawa msichana ambaye sikuwahi kukutana naye ingawa tulikuwa tukigombania beseni moja. Nikachungulia nje. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi kwenye jiwe chini ya upenu, anatazama viatu vyake, mdomo ameufunga kabisa. Angeulizwa yeye, angesema si kitu. Hakuna aliyemwuliza. Nilikiweka kisu chini, nikabaki nimeishika ndizi nusu imemenywa, nikacheka peke yangu mpaka Ma Leokadia akaja kuangalia kama kuna kilichoungua.

Jumamosi ile sikumngoja Justini amalize kutafuna kahawa yake. Nilimwambia kila mmoja amwandikie mwenzake. Sura za Kyerwa nitazisema mimi, za Karagwe utazisema wewe. Kufaa kwako nitakueleza mimi, kufaa kwangu utanieleza wewe. Alizungusha punje ya kahawa kati ya vidole vyake.

"Hiyo itawezekana," alisema. "Ila tusikae chumba kimoja."

Basi yeye alibaki sebuleni, mimi nikaingia chumbani kwangu kwenye ule mwanga wa kijani. Nimekaa kwenye maktaba kubwa baada ya hapo, zenye viti vya kuzunguka na ukimya wa kulipiwa, lakini sijawahi kuandika kama nilivyoandika alasiri ile. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha, ikanyesha tena. Kwa juu ya ukuta nilisikia kiti chake kikilalamika, kalamu ikienda, ikisimama, na Ma Leokadia akipita ukumbini akimwuliza kama anaandika kitabu kingine. Mimi niliandika kwamba mwandishi huyu anaijua migomba kwa kuigusa, hata gizani. Niliandika kwamba nusu ya miche safi iliyohamia Kyerwa mwaka ule ilihama nyuma ya pikipiki yake, kwa hiyo yeye ni sehemu ya historia anayoiandika. Niliandika kwamba amekulia kati ya wenyeji na wageni, na watu wa pande zote mbili humwambia ukweli, kwa sababu hajawahi kumfanya mtu yeyote aone haya kwa kutojua. Kuhusu kitabu niliandika kwamba hakuna kingine kama hiki, na kwamba kisipoandikwa sasa hakitaandikwa kamwe. Maneno yalinitoka kama maji, na yote niliyaamini, maana nilikuwa namsema mtu mwingine.

Alinikabidhi karatasi zake zimekunjwa, akasema nisizisome mpaka wakati wa kuchapa. Nilitii, ijapokuwa ziliniwasha mkobani siku zote zile. Dukani Kayanga yeye alibaki nje, akijifanya anakaza kioo cha pikipiki. Nilizikunjua, nikaanza kuchapa huku nasoma. Alizieleza sura zangu kwa makini, hoja kwa hoja, bila kuzidisha. Halafu nikafika kwenye kufaa kwangu. Alikuwa ameandika: "Mwandishi huyu huuliza swali lake kisha hunyamaza, mpaka jibu lije lenyewe. Nimemwona akikaa na bibi mmoja wa Kiruruma mchana kutwa, akimmenyea ndizi, bila kutoa karatasi, mpaka bibi mwenyewe akamwambia, sasa andika. Akisimuliwa jambo la huzuni hasogezi macho. Wanawake wa Kyerwa aliowatembelea mara moja tu huniuliza kila nikipita atakuja lini tena. Nami hujiuliza hivyo hivyo."

Nilisimamisha vidole. Feni ya dukani ilikuwa inazunguka, na mtu alikuwa anauliza kama wanalaminisha vitambulisho. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza mimi kwa mimi mwenyewe, wala nyumbani, wala chuoni, na sikujua kwamba wakati nikiwatazama watu kulikuwa na mtu ananitazama mimi. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilichapa yote kama yalivyo, pamoja na sentensi ile ya mwisho, nikaweka nukta, nikatuma. Nilipotoka nje aliniuliza, bila kunitazama, kama kuna mahali alipozidisha. Nikamwambia hakuna. Akaitikia kwa kichwa, akawasha pikipiki.

Hatukulizungumza tena. Zikafuata wiki ninazozikumbuka kama usingizi wa mchana. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na mibuni yote ilichanua kwa pamoja, maua meupe kila upande, na harufu yake tamu iliingia madirishani ikakaa hadi kwenye mashuka. Nilitembea kwenda shule kwenye njia ya vumbi lililolala, nikirudi sikumbuki nilichofundisha. Jumamosi alikuja, tukala, tukasahihisha sura zilizobaki, na mikono yetu ilikwepana kwenye sinia kwa uangalifu ambao haukuwepo kabla. Ma Leokadia alinyamaza jikoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Wakati huo huo mwaka ulikuwa unaisha. Deusi alishanikatia nafasi kwenye basi kwa kumwambia kondakta anayemjua, na mimi nilikuwa nimeanza kugawa vitu vyangu vidogo, beseni, taa, shuka moja, nikimwachia mjukuu wa Ma Leokadia kama mchango wa harusi.

Jibu lilitukuta Kayanga siku ya soko. Senene walikuwa wameanguka kwa wingi, na kila mwanamke aliyeketi kando ya barabara alikuwa anawatoa mabawa, watu wanakula wakitembea. Nilifungua barua pepe, Justini nyuma yangu. Bodi ilikuwa imelikubali pendekezo letu. Wapitiaji wawili walilisoma na wote walisema kitabu kinahitajika, na mhariri alitaka tufupishe sura ya tatu, tuongeze ramani, tueleze vizuri zaidi habari ya mnyauko. Aliomba pia maelezo kuhusu waandishi yapunguzwe, na sentensi ya mwisho kuhusu mwandishi wa kwanza iondolewe, kwa kuwa haihusiani na taaluma. Nilisoma hapo kwa sauti kabla sijajizuia. Justini akageuka kutazama mashine ya kopi, masikio yake yakiwa yameiva.

Tulitoka nje. Nilimpigia Deusi palepale, katikati ya kelele za soko, nikamwambia siji. Aliuliza kama kitabu hicho kitanilisha, nikamwambia sijui, akacheka, akasema basi atampa chumba kile mtu mwingine kabla rangi haijachujuka. Nilikata simu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeliogopa basi lile, na sasa halikuwepo, na mbele yangu palikuwa wazi. Justini alikuwa amesimama kando ya pikipiki, kofia ya kujikinga mkononi, haivai.

"Adelina," alisema.

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Nikamsogelea.

"Sina mshenga," alisema. "Wazee wangu wako mbali, na nikiwangoja watanisema wanavyotaka wao. Niache nijisemee mwenyewe." Akaiweka kofia juu ya kiti cha pikipiki. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na haikuwa siku ya joto. "Mimi ni mtu mzuri. Sina hasira. Nikisema nitakuja, nitakuja. Kibanja changu ni kizuri kuliko vyote ulivyoviona Kyerwa, na wewe umeviona. Najua kupika. Utakaa vizuri kwangu."

Aliyasema yote akinitazama machoni, yeye ambaye kwa miezi alishindwa kuandika kwamba kitabu chake ni kizuri bila kuongeza kiasi. Mwanamke mmoja mwenye ungo wa senene aliacha kutoa mabawa, akatusikiliza waziwazi. Nilijua kwamba hatajisifu tena maisha yake yote, na kweli hakujisifu tena. Nikamwambia nimesikia, na kwamba nimekubali.

Wazee walikuja baadaye, na nyasi zikatandikwa, na mambo yakafanywa kama yanavyofanywa. Lakini mimi nilishapokea maneno yangu barabarani Kayanga, na nikaishi nayo miaka yote iliyofuata nikiyapima moja moja, maana huo ndio usomi wangu. Hasira kweli hakuwa nayo. Aliposema atakuja alikuja, hata siku pikipiki ilipomfia njiani Rubwera akatembea kwenye mvua. Kibanja ndicho hiki ninachokitazama nikiandika. Kupika ndiko hakukujua kabisa. Jirani akiunguza chungu, mimi bado huinuka nikaangalie kama ni yeye jikoni kwangu.